Toa Mji, Mheshimiwa

Nina mwanafunzi. Kila asubuhi anafanyiwa mtihani, na hakosi hata swali moja. Wala hajui kitu. Ni nani huyo?

Fikirini taratibu, wajukuu zangu, mimi sina safari. Mkishindwa mtanipa mji, kama ilivyo ada. Nitautembea mji huo, nitakula na kunywa huko, nikitosheka ndipo nitawapa jibu. Ila mji wenu muuchague vizuri. Yuko bwana mmoja mkubwa aliyeombwa mji akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko ninakotaka kuwasimulia.

Ilikuwa katika nchi ambayo jina lake silijui. Kamati iliyoundwa kuichagulia jina ilikuwa bado inakaa, na kila walipokaribia kukubaliana chai ililetwa. Si nchi yetu. Yetu ina jina, na mambo kama haya kwetu hayapo, kila mtu anajua.

Nchi hiyo ilikuwa imeziachia kompyuta kazi zake zote. Kompyuta ndizo zilizowasha taa za barabarani, zilizopima dawa za wagonjwa, na zilizofungua na kufunga milango minne ya bwawa kubwa lililoitwa Bwawa la Ushindi. Lakini watu wa kwanza walioziandikia programu kompyuta hizo walilelewa kwa vitendawili, na hawakumwamini yeyote asiyeweza kutegua. Wakaweka sheria: kila kipande cha programu kiandikiwe maelezo yake kwa lugha ya watu, na ndani ya maelezo kitiwe kitendawili pamoja na jibu. Kwenye programu ya taa, kwa mfano, waliandika: jua limezama, taa ziweje? Jibu: ziwake.

Kisha wakaitengeneza programu moja ya pekee, wakaiita Mtegaji. Kazi ya Mtegaji ilikuwa kuamka asubuhi, kupita katika maelezo yote ya serikali, na kila alipokuta kitendawili kuiuliza mashine inayohusika. Jibu la mashine alililinganisha na jibu lililoandikwa, neno kwa neno. Ukimwambia "zimewaka" pale palipoandikwa "ziwake," anakutia alama ya kukosa. Nilikuwa na mwalimu wangu wa darasa la tatu aliyekuwa hivyohivyo, Mungu amrehemu.

Na mashine ikikosa je? Hapo ndipo wale wazee walipokuwa watundu. Waliichukua ada ya watoto barazani wakaitia katika sheria ya nchi. Mashine ikishindwa, waziri wake anatoa mji. Anasimama redioni, anautaja mji mmoja unaoguswa na kosa hilo, halafu anabeba godoro lake anahamia huko. Analala katika nyumba ya mji huo, chini ya uangalizi wa wenyeji wanaompokea, mpaka kosa litengenezwe.

Waziri wa Taa alilala siku kumi na moja katika mji wenye giza. Siku ya tatu alitumbukia shimoni, na siku ya kumi na mbili taa ziliwaka nchi nzima. Waziri wa Dawa alilala sakafuni wodini, akiwa kati ya mzee mwenye kifua na mzee mwenye kuhara. Wiki haikuisha, vipimo vya dawa vikarekebishwa. Mnaona basi kwamba ilikuwa sheria mbaya sana.

*

Aliyemtunza Mtegaji alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Mwantumu. Alikaa chumba cha mwisho katika jengo la wizara, na malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Mtegaji alitumia kanuni arobaini na moja za kutafutia vitendawili. Kipande kikiwa ndani ya kipande, anza na cha nje. Kipande kikiwa kimeazimwa kutoka programu ya jirani, usikiulize hapa, kaulize kwao. Kikiwa kimeazimwa lakini kimebadilishwa jina, mwite mkubwa. Maskini Mtegaji alikuwa akizunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo nyumbani kwake. Vitendawili vingine aliuliza mara mbili, na kazi ya saa moja aliimaliza adhuhuri.

Mwantumu akaandika barua ya ukurasa mmoja. Alisema kanuni zote arobaini na moja zifutwe, ibaki moja tu: popote penye neno la kutega, hapo pana kitendawili.

Lilikuwa wazo zuri. Nalisema mapema ili msije mkamlaumu sana, maana yeye mwenyewe alijilaumu kutosha.

Barua ilifika mezani kwa Mheshimiwa Kigalu, Waziri wa Maji na Urahisishaji. Aliisoma akaisoma tena, akaenda nayo redioni.

"Wananchi," alisema, "kwa miaka mingi tumekuwa tukitafuta makosa kwa njia ngumu. Serikali yenu sikivu imeamua kwamba kuanzia sasa makosa yatatafutwa kwa njia rahisi. Na yakikosekana kwa njia rahisi, basi hayapo."

Katibu wake, Bwana Pazi, aliuliza neno lenyewe la kutega ni lipi, maana sheria haipendi mambo mengimengi. Mwantumu akasema, bila kufikiri, "Si kitendawili tu, jamani." Likaandikwa: KITENDAWILI. Likapigwa muhuri.

Asubuhi ya kwanza Mtegaji alimaliza kazi kabla chai haijapoa. Ripoti ikatoka: makosa, hakuna. Wizara nzima ikapiga makofi. Mwantumu peke yake alisoma mstari wa juu, ule ambao hausomwi na mtu. Jana vitendawili vilivyoonekana vilikuwa elfu tatu mia moja kumi na viwili. Leo vilikuwa elfu tatu mia moja na vitano.

Saba havikuonekana.

Alivitafuta kwa macho yake siku mbili, na vyote saba alivikuta mahali pamoja, katika maelezo ya milango ya Bwawa la Ushindi. Aliyeyaandika alikuwa Mzee Shaame, marehemu, mtu wa visiwani, na kwao hawakusema kitendawili. Walisema kitandawili. Mzee wa watu aliandika kama alivyofundishwa na mama yake: kitandawili, mara saba, kwa herufi nzuri. Kanuni zile ngumu zilikuwa zikiviona, maana zilipekua kila pembe bila kujali mlango umeandikwa nini. Kanuni rahisi ilifika, ikasoma a pahali pa e, ikapita.

Mwantumu akakaa kwenye kompyuta, akaiuliza mashine ya bwawa kwa mkono wake. Vitandawili sita ilivijibu vizuri. Cha saba kilisema hivi: maji yamefika alama ya nane, milango mingapi ifunguliwe? Jibu: yote minne.

Mashine ikaandika: *Alama ya nane haipo. Milango ibaki ilivyo.*

Sababu yake alikuja kuijua baadaye. Siku ileile kanuni rahisi ilipoanza, wizara ilikuwa imebadilisha kijiti cha kupimia maji bwawani, na programu ikarekebishwa ikifuate. Kijiti cha zamani kilikuwa na alama nane. Kipya kilikomea saba, kwa maelezo kwamba katika uongozi huu maji hayajawahi kufika nane, na kuiweka alama hiyo kungewatia wananchi hofu.

Chini ya bwawa kulikuwa na mji unaoitwa Bondekavu. Ulikuwa na soko, shule mbili, msikiti na kanisa vilivyotazamana, na upande wa mtoni nyumba ya bati alimoishi Bi Mashavu, mama yake Mwantumu, na bata wake kumi na mmoja. Masika yalikuwa yamebakiza wiki sita.

*

"Mheshimiwa, mashine ya bwawa imekosa," Mwantumu alisema.

Waziri Kigalu alikuwa akijaribu suti ya sherehe. Fundi alikuwa amepiga magoti anapima urefu wa suruali.

"Mtegaji amesema hivyo?"

"Mtegaji hakukiona. Nimeuliza mwenyewe."

"Na nani alikutuma kuuliza?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Basi hakuna kosa. Kosa ni lile alilolikuta Mtegaji. Hiyo ni sheria, Bi Mwantumu, na ukikumbuka vizuri uliiandika wewe."

"Naomba niongeze neno moja tu. Mtegaji ajue kitendawili, na ajue kitandawili."

Bwana Pazi alitoa kalamu akapiga hesabu pembeni. "Kutoka neno moja mpaka maneno mawili," alisema, "ni kuongeza ugumu maradufu. Wizara hii ni ya Urahisishaji."

"Basi niruhusuni nibadilishe herufi kwenye maelezo ya Mzee Shaame. Nitoe a, nitie e."

"Maelezo hayaguswi bila sahihi ya mwandishi."

"Mwandishi amefariki, Bwana Pazi."

"Pole sana. Fomu itamsubiri."

Fundi alitaka kucheka, akauma pini zake. Waziri akajigeuza mbele ya kioo, akatazama mgongo wake. Alisema yeye si mtu wa kukataa mambo, na kwa kuwa suala hili ni la lugha litapelekwa Baraza la Lugha, liamue kama kitandawili ni neno au ni makosa ya uandishi.

"Litakaa lini baraza, mheshimiwa?"

"Linakaa sasa hivi. Huwa linakaa."

Mwantumu hakuondoka. "Na mashine ikishindwa kweli, maji yakija, mheshimiwa utatoa mji gani?"

Waziri alitazama feni ya darini, akaifuata inavyozunguka, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu.

"Swali hilo," alisema, "litajibiwa kwa wakati wake."

*

Mawaziri wengine si wajinga. Waliona mwenzao analala kwake kila siku, wakauliza siri yake. Kabla wiki haijaisha Wizara ya Taa ilipita kwenye maelezo yake yote, ikafuta neno kitendawili, ikaandika fumbo. Hawa wao sahihi walizipata, maana waandishi wao walikuwa hai na walikuwa na watoto wa kulea. Wizara ya Dawa ikaandika chemshabongo. Wizara ya Elimu ikaandika swali dogo. Maswali yalibaki palepale na majibu yake, mtu akitaka kuyasoma, lakini Mtegaji alipita katikati yake kama kipofu anayepita maonyesho.

Elfu tatu vikawa mia tisa. Mia tisa vikawa arobaini. Jumatatu moja Mtegaji aliamka, akamaliza kazi kabla Mwantumu hajaketi vizuri, na ripoti ikatoka imenyooka: vitendawili vilivyoonekana, sifuri. Makosa, sifuri. Matokeo, safi kabisa.

Serikali ikatangaza Siku ya Makosa Sifuri. Watoto wa shule walipewa bendera zenye duara. Waziri Kigalu alivaa ile suti, akavishwa nishani ya kasi, akasema kwamba katika historia hakuna mtegaji aliyewahi kutega kwa haraka namna hiyo.

Mwantumu alikuwa amekwishaandika barua tisa. Zote alijibiwa kwa heshima. Ya tisa ilijibiwa kwamba Baraza la Lugha limemaliza herufi ya kwanza ya neno na limekubaliana kuhusu k.

Akampigia simu mama yake.

"Mama, hama hapo."

"Nihamie wapi na bata hawa? Wewe unakaa chumba kimoja ghorofani."

"Hama tu, mama. Mashine ya bwawa ni mbovu."

"Redio imesema haijakosa mwezi mzima. Hata bendera tumepewa, nimeifunikia unga."

Mwantumu akaona kueleza kutachukua mwaka. Akafanya kama walivyokuwa wakifanya zamani, wakati mama yake akimsuka nywele.

"Basi nikutegee. Nina mwanafunzi. Kila asubuhi anafanyiwa mtihani, hakosi hata swali moja. Wala hajui kitu."

Nyuma bata walikuwa wakigombana. Bi Mashavu hakusoma hata darasa moja, lakini hakuwahi kumpa mtu mji.

"Huyo hakuulizwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Yaa Rabi. Haya. Nitawafunga bata kwenye tenga. Lakini siwezi kuondoka kimyakimya, mwanangu, kama mwizi. Nipitie majirani kwanza."

Alipita siku nne. Nyumba kwa nyumba, na kitandawili chake mkononi kama mtu anayepeleka mwaliko wa harusi. Wengine walicheka. Wengine walisema bibi, redio inajua kuliko wewe. Mwalimu mkuu wa shule ya juu alitegua, akawatoa wanafunzi wake akawapeleka mlimani, na kwa hilo akaandikiwa barua ya onyo kwa kuvuruga masomo. Wanafunzi mia mbili na kumi. Barua hiyo bado anayo.

*

Mvua ilianza Jumapili. Alhamisi saa tatu asubuhi maji yalifika alama ya saba, na mashine ikafungua milango mitatu, kama ilivyotakiwa. Hata Mwantumu, aliyekuwa akiitazama kwenye skrini yake, alianza kupumua. Saa nne kasoro robo kule bwawani wakabadilishana zamu, na kwa kanuni ya zamu milango yote hufungwa kwa muda mfupi ili mlinzi mpya aikabidhiwe ikiwa imefungwa, asije akadaiwa mlango uliokuwa wazi. Milango ikiwa imefungwa, maji yalipita mwisho wa kijiti.

*Alama ya nane haipo. Milango ibaki ilivyo.*

Mwantumu akampigia mlinzi. Alimwambia azungushe gurudumu la mkono, lipo pembeni, la chuma, analiona.

"Ninaliona, dada," mlinzi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. "Lina kufuli. Sheria mpya imesema mkono usiguse mashine isiyokosa."

"Vunja kufuli."

"Navunja na nini, dada? Nyundo inaombwa kwa fomu."

Alivunja, nasikia. Alitumia jiwe. Lakini lilikuwa kufuli zuri, ndicho kitu pekee kizuri kilichonunuliwa mwaka ule, na lilipokatika ukuta wa bwawa ulikuwa umekwishatangulia.

Maji hayakuwa na maelezo wala fomu. Yalifika Bondekavu saa nne na dakika ishirini, yakatoka upande wa pili yamebeba soko. Jioni yake watu waliokuwa mlimani waliona tenga moja limekwama kwenye mnara wa simu, na bata kumi na mmoja wakiogelea juu ya pale palipokuwa na shule ya chini.

Bi Mashavu hakuonekana. Waliomwona mara ya mwisho wanasema alikuwa mtaa wa mwisho, amebakiza nyumba sita.

*

Kamati ya Uchunguzi ilikaa katika ukumbi mkubwa wa mji mkuu, na redio ikarusha kila neno. Waziri Kigalu alitoa ushahidi wa saa mbili. Alisema mashine haikukosa. Mashine ilisema milango ibaki ilivyo, na milango ikabaki ilivyo, na kama hiyo si nidhamu basi yeye hajui nidhamu ni nini. Aliwasomea ripoti ya Mtegaji ya asubuhi ile ya Alhamisi. Makosa, sifuri.

Kamati ilikuwa inajiandaa kumshukuru, mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti wa Baraza la Lugha aliingia akihema, na bahasha mkononi. Baraza lilikuwa limemaliza. Baada ya mjadala mrefu liliridhika kwamba kitandawili ni neno halali la Kiswahili, lina wazee wake na lina watoto wake, na litambuliwe na vyombo vyote vya serikali kuanzia leo.

Alifurahi sana yule mzee. Alidhani ameleta habari njema.

Mwantumu alikuwa ameketi nyuma, amejifunga kaniki nyeusi. Alisimama, akaenda mpaka kwenye kompyuta iliyokuwa mbele ya kamati. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna kanuni iliyoandikwa kuhusu mama anayetembea polepole. Akaongeza neno moja kwenye kanuni yake. Akamwamsha Mtegaji.

Vitendawili vilivyoonekana: saba. Makosa: moja.

Ukumbi mzima ulisoma swali kwenye skrini ya ukutani. Maji yamefika alama ya nane, milango mingapi ifunguliwe?

"Mheshimiwa," Mwantumu alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilikuuliza siku ile fundi anapima suruali yako, ukaniambia litajibiwa kwa wakati wake. Mashine yako imeshindwa, na Mtegaji ameiona. Toa mji."

Waziri Kigalu akapauka. Watu walioketi karibu naye wanasema midomo yake ilikuwa ikitaja miji mmojammoja bila sauti, kama mtu anayetafuta jina la mkwewe. Aliona godoro. Aliona mbu, na wenyeji wamekaa mlangoni wanamtazama anavyokula. Mwenyekiti wa kamati akamkumbusha kwa upole kwamba mji lazima uwe unaoguswa na kosa lenyewe, na kwamba nchi nzima inasikiliza.

Bwana Pazi akainama sikioni kwake. Alikuwa ameshika sheria ya wazee, ile ya zamani, ameweka kidole kwenye mstari. Alinong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia wote. Sheria inasema waziri atalala katika nyumba ya mji huo. Pasipo nyumba, halali. Inasema atapokewa na wenyeji. Pasipo mwenyeji, hapokewi.

Damu ikamrudia waziri usoni. Akavuta koti la suti yake likakaa sawa, akaigusa nishani kama imenyooka, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze akamtazama Mwantumu machoni.

"Natoa Bondekavu," alisema.